Jinsi ya kupima neva za macho na masikio ukiwa kitandani kwa mgonjwa, hatua kwa hatua

Kila kundi jipya la wanafunzi likianza kuzunguka wodini napata maswali yaleyale. Neva ya 4 ya fuvu, zile zinazotoka ubongoni na kuitwa kwa namba, naipimaje? Kope likidondoka ni neva ya 3 au ya 7? Rinne, kile kipimo cha kusikia kwa uma wa chuma, ikiwa chanya mgonjwa ni mzima au anaumwa? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nikaona bora niyaweke yote sehemu moja, ili kesho ukisimama mbele ya mgonjwa ujue mkono unaanzia wapi. Hii ni kwa wewe unayesoma utabibu, uuguzi au udaktari, na hata wewe uliyeko zahanati miaka na miaka ila sehemu hii huwa unairuka na kuandika tu "neva za fuvu ziko sawa" wakati hujazigusa. Hiyo sentensi inaniuma sana, maana kuna watu wanaona vitu viwili viwili wanabadilishiwa miwani mara mbili mara tatu na hakuna hata mtu mmoja aliyewaambia wafuate kidole kwa macho.

Ukiipanga vizuri ni dakika kumi hivi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Tochi ndogo ya mwanga mkali. Ya simu inafaa ukikosa nyingine, ila isogeze mbali kidogo maana inamwaga mwanga kwenye macho yote mawili kwa pamoja na hapo majibu yanavurugika.
- Chati ya Snellen, ile ya herufi zinazozidi kuwa ndogo kila mstari, na ile ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku kwa asiyejua kusoma.
- Kipande cha karatasi ngumu ulichotoboa katundu kadogo katikati, kama milimita 1.
- Kitu chekundu, kifuniko cha kalamu kinatosha.
- Pamba safi.
- Rula ya milimita.
- Otoskopu, kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani ya sikio.
- Tyuningi foki, ule uma wa chuma wa meno mawili unaougonga ukalia. Uwe wa 512 Hz. Huu ndio unakosewa kuliko vyote, mtu anachukua ule mkubwa wa 128 Hz ambao ni wa kupima mtetemo miguuni kwa wagonjwa wa kisukari, alafu anashangaa mgonjwa anasema "nasikia" kumbe anausikia mtetemo kwenye mfupa tu na wala siyo sauti. Namba imechongwa kwenye shina la uma, isome.

NADHARIA KIDOGO TU

Jicho lina misuli sita ya kulizungusha. Rektasi ya nje ni ya neva ya 6, obliki ya juu ni ya neva ya 4, iliyobaki yote minne ni ya neva ya 3. Neva ya 3 pia ndiyo inanyanyua kope la juu na ndiyo inabana mboni. Kufunga jicho ni kazi ya neva ya 7. Neva ya 2 inaona, ya 5 inahisi kwenye konea (kile kioo cha mbele ya jicho), ya 8 inasikia na kushika mizani ya mwili.

Sikio la kati nalo lina misuli miwili midogo ambayo watu huwa wanaisahau. Stapediasi, ambao ndio mdogo kuliko misuli yote ya mwili inayoshikamana na mifupa, ni wa neva ya 7, na tensa timpani unaovuta kiwambo cha sikio ni wa neva ya 5. Stapediasi kazi yake ni kukaza kimfupa cha mwisho ili sauti kubwa isiumize, kwahiyo neva ya 7 ikifa mgonjwa anaweza kukwambia sahani zikigongana jikoni zinampasua sikio upande uleule uso ulipopinda. Ukisikia hivyo usimwone anatia chumvi, amekuonyesha neva imeumia kabla ya kufika kwenye tawi la huo msuli.

Basi, nadharia imeisha.

HATUA

1. Msalimie, mkalishe, alafu mtazame usiguse chochote.

Mgonjwa akae kwenye kiti, uso wake na wako viwe kimo kimoja. "Shikamoo bibi, naomba nikuangalie macho na masikio, haiumi." Wakati mnaongea angalia kope zimekaa sawa? Jicho moja limekimbia pembeni? Kichwa kimenyooka au kimelala upande? Kichwa kulala upande ni dalili kubwa na watu wanaipita kila siku.

Nilishakaa na mama mmoja aliyeanguka na bodaboda wiki kadhaa nyuma, kila mtu anamuuliza shingo inauma anasema haiumi, ila kichwa kimelalia kushoto muda wote. Nikamuuliza, mama ukishuka ngazi inakuwaje? Akasema "kila ngazi naiona mbili, moja juu ya nyingine, sijui nikanyage ipi". Nikaomba kitambulisho chake, kwenye picha kichwa kimenyooka kabisa, kwahiyo hili jambo ni jipya. Ilikuwa neva ya 4 ya kulia. Kichwa hulalia upande wa pili wa jicho bovu kwa sababu mwili unatafuta wenyewe mahali picha mbili zitakapokutana. Omba picha ya zamani kila ukiona kichwa kimelala, kama hata ya utotoni imelala basi hilo ni la kuzaliwa nalo.

2. Pima uono, jicho moja moja.

Mita 6 kutoka kwenye chati, kama chumba ni kifupi tumia chati ya mita 3. Kama ana miwani ya mbali avae. Jicho lingine alizibe kwa kiganja na siyo vidole, wengi wanachungulia katikati ya vidole bila kukusudia. Akishindwa mstari wa juu kabisa msogeze karibu, akishindwa ahesabu vidole, akishindwa aone mkono ukipungwa, akishindwa mwulize kama anaona mwanga. Akiona vibaya mpe ile karatasi yenye katundu achungulie, uono ukipanda tatizo kubwa ni la miwani, usipopanda fikiria mtoto wa jicho, retina (utando wa ndani unaopokea picha), au neva yenyewe.

Alafu kile kifuniko chekundu: aangalie kwa jicho moja, kisha lingine, "uwekundu ni uleule?" Neva ya 2 ikiumwa nyekundu inafifia upande huo, wengine wanasema imekuwa kama kahawia. Kwa mgonjwa wa TB anayetumia ethambutoli usiache hili hata kidogo, hiyo dawa inaweza kuharibu neva ya macho na rangi hupotea mapema, kwahiyo pima uono na rangi kabla hajaanza na kila mwezi akija kuchukua dawa.

3. Pima upana wa kuona.

Kaeni mkitazamana umbali wa mita 1. Yeye azibe jicho la kulia, wewe ziba la kushoto, kila mmoja atazame jicho la mwenzake lililo wazi. Leta kidole kinachocheza kutoka kila kona nne kuja katikati, kikiwa katikati yenu siyo karibu na uso wake. "Ukikiona tu sema". Unalinganisha na unavyoona wewe, basi.

4. Mboni.

Punguza mwanga chumbani, mwambie atazame ukutani mbali. Hapa ndipo wengi wanaharibu, mgonjwa anatazama tochi yenyewe na mboni inabana kwa sababu ya kitu kuwa karibu, wewe unadhani ni mwanga. Leta tochi kutoka pembeni. Angalia jicho ulilolimulika, kisha rudia uangalie lile ambalo hukulimulika, yote mawili yanatakiwa kubana. Alafu peleka tochi huku na huku, sekunde mbili tatu kila jicho. Mboni ikitanuka pale unapoimulika badala ya kubana, neva ya 2 ya upande huo ina shida.

Mboni zikitofautiana ukubwa pima kwa rula, kwenye mwanga na kwenye giza. Tofauti ikizidi kwenye mwanga, ile kubwa ndiyo mbovu, imegoma kubana. Ikizidi gizani, ile ndogo ndiyo mbovu, imegoma kutanuka. Tofauti ndogo isiyozidi milimita 1 na haibadiliki kwenye mwanga wala giza watu wazima wengi wanayo na hawana ugonjwa wowote. Na uliza ametiwa dawa gani machoni kabla hujaanza kuogopa.

5. Kope.

Kope la juu kudondoka ni neva ya 3, au zile neva ndogo za simpathetiki (zinazojiendesha zenyewe, hupanda jichoni kupitia kifuani na shingoni) zinazosaidia kidogo. SIYO neva ya 7. Naomba hili ulishike: ya 3 inafungua dirisha, ya 7 inafunga. Mwenye neva ya 7 mbovu jicho lake linabaki WAZI, hawezi kulifumba. Kope limedondoka kabisa, mboni kubwa, na ukilinyanyua kwa kidole jicho limetazama nje na chini, hiyo ni 3. Kope limeshuka kidogo tu na mboni ni ndogo, hiyo ni simpathetiki, na hapo usiishie machoni, nenda ukaangalie shingo na kifua.

Mwambie atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja. Kope zikianza kushuka polepole kama mtu mwenye usingizi, na asubuhi huwa anaamka salama ila jioni ndiyo zinalala, fikiria miastenia, huo ni ugonjwa wa pale neva inapokutana na msuli, neva zenyewe ni nzima.

6. Mwendo wa macho.

Hapa ndipo penyewe, nenda taratibu.

Weka kidole wima, sentimita 50 hivi mbele ya pua yake. "Fuata kidole changu kwa macho tu, kichwa kisigeuke, ukiona viwili niambie hapohapo." Akiendelea kugeuza kichwa shika kidevu kwa mkono mwingine, kwa upole, na mwombe ruhusa kwanza kama ni mtu mzima.

Sasa chora herufi H kubwa hewani. Nenda kulia kwake, simama, panda juu, shuka chini, rudi katikati, nenda kushoto, simama, juu, chini. Kwanini H na siyo msalaba? Kwa sababu ukienda juu moja kwa moja kutoka katikati misuli miwili inafanya kazi pamoja, mmoja ukifa mwenzake anauficha. Ukipeleka jicho pembeni kwanza unautenga kila msuli peke yake. Chukua jicho la kulia:

- Likienda nje, kulia, ni rektasi ya nje, neva ya 6.
- Likiwa nje kisha juu, ni rektasi ya juu, neva ya 3.
- Likiwa nje kisha chini, ni rektasi ya chini, neva ya 3.
- Likienda ndani, upande wa pua, ni rektasi ya ndani, neva ya 3.
- Likiwa ndani kisha juu, ni obliki ya chini, neva ya 3.
- Likiwa ndani kisha chini, ni obliki ya juu, neva ya 4.

Huo mstari wa mwisho ndio jibu la swali la neva ya 4. Puani kwanza, ndipo chini. Ukishusha kidole tu kutoka katikati hujapima chochote. Na ndio maana wenye shida hii wanalalamika wakishuka ngazi au wakisoma, maana ndipo macho yanaingia ndani na kushuka.

Usipeleke kidole mpaka mwisho kabisa wa jicho, macho ya mtu yeyote yakivutwa mpaka ukingoni yanaweza kutetemeka kidogo, wewe ukaandika ugonjwa ambao haupo.

Akisema anaona viwili, kwanza ziba jicho moja. Vikiwa bado viwili kwa jicho moja tu, tatizo limo ndani ya jicho lenyewe, konea au lenzi, achana na neva. Ukiziba kikabaki kimoja, basi macho hayaendi sambamba. Tafuta upande ambao picha zinaachana zaidi, hapo ndipo msuli mbovu unapotakiwa kuvuta. Kisha ziba jicho moja umwulize picha ipi imepotea, ile ya nje zaidi ni ya jicho bovu. Mfano, picha zinaachana akitazama kulia, ukiziba jicho la kulia ile ya nje inapotea: jicho la kulia, rektasi ya nje, neva ya 6. Huna haja ya mashine yoyote hapo.

Neva ya 3 ikiwa imekufa kabisa utapimaje ya 4, wakati jicho haliwezi kuingia ndani? Nyanyua kope, chagua kamshipa ka damu kwenye weupe wa jicho, mwambie atazame chini. Kamshipa kakizunguka kuelekea puani ujue obliki ya juu iko hai.

7. Konea na uso.

Sokota ncha ya pamba, mwambie atazame juu na upande wa pili, njoo kutoka pembeni asiione, gusa konea kidogo sana. Macho yote mawili yafumbe. Hisia imeingia kwa neva ya 5, kufumba kumetoka kwa ya 7. Ukigusa weupe wa jicho au kope hujapima, na ukija kutoka mbele atafumba kwa kuona mkono. Kama anavaa lenzi za kubandika juu ya jicho azitoe kwanza.

Alafu "fumba macho kwa nguvu nisiweze kuyafungua", jaribu kuyafungua kwa vidole. "Kunja paji la uso." Uso mzima wa upande mmoja ukilegea pamoja na paji, neva yenyewe imeumia. Paji likikunjika vizuri ila mdomo umepinda, fikiria ubongo, yaani kiharusi.

8. Sikio, kwa macho kwanza.

Otoskopu kabla ya uma. Mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, mtoto mdogo vuta nyuma na chini. Nta imejaa? Usaha? Kiwambo kimetoboka? Wapo waliotaka kupewa rufaa ya uziwi kumbe ni nta.

Alafu kaa nyuma yake asione midomo, umbali wa mkono ulionyooka, sentimita 60. Sugua kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio la pili ili lisisaidie, toa pumzi yote ndipo unong'one tarakimu na herufi zilizochanganyika, kama "nne, K, mbili", arudie. Ukinong'ona na pumzi zimejaa kifuani unakuwa unaongea.

9. Weber na Rinne.

Gonga uma kwenye kiwiko chako au goti, usigonge kwenye ukingo wa meza ya chuma, unatoa milio mingine isiyotakiwa.

Weber: weka shina katikati ya paji. "Unasikia wapi, kulia, kushoto au katikati?" Usimwulize "sikio gani linasikia vizuri", atakutajia sikio analojua ni zima.

Rinne: shina kwenye mfupa nyuma ya sikio, bonyeza vizuri, kisha meno ya uma yalete karibu na tundu la sikio kama sentimita 2 na nusu, meno yote mawili yawe kwenye mstari mmoja na tundu. "Wapi panasikika zaidi, nyuma au mbele?" Mbele zaidi ndiyo chanya, na chanya ni UZIMA. Najua inachanganya kwa sababu kwenye vipimo vya maabara chanya ni ugonjwa, hapa ni kinyume.

Kusoma majibu: Rinne hasi na Weber imeenda kwenye sikio hilohilo bovu, sauti imezuiwa njiani, yaani nta, usaha, kiwambo au vimifupa. Rinne chanya na Weber imekimbilia sikio zima, tatizo ni sikio la ndani au neva ya 8.

Mtego upo mmoja. Sikio lililokufa kabisa linaweza kutoa Rinne hasi ya uongo, maana ukiweka uma kwenye mfupa sauti inavuka fuvu na kusikika na sikio la pili. Weber ndiyo itakuokoa, ikienda upande mzima usiamini ile Rinne.

10. Mizani.

Uliza kizunguzungu, angalia kama macho yanachezacheza akitazama mbele tu, mwone akitembea. Kwa aliyechomwa jentamaisini, streptomaisini au amikasini uliza kwa makini, hizo zinaua sikio la ndani, na wengine wanaanza kuyumba gizani kabla hata ya kulalamika kusikia. Kwinini nayo inaleta mlio masikioni.

UKIKWAMA

Mtoto hafuati kidole. Tumia kitu kinachong'aa au simu yenye picha, na uone mwanga wa tochi unakaa wapi kwenye mboni zote mbili, unatakiwa ukae sehemu moja sawasawa.

Mgonjwa hajitambui. Bado una mboni na konea, zipime na uandike saa.

Weber anasema "sijui" au "kote". Kote maana yake katikati, ni jibu zuri, ila kumbuka masikio yote mawili yakiwa yamepungua sawasawa nayo itakuwa katikati. Kama hasikii kabisa, uma umegongwa kidogo au nywele zimezuia, hamishia shina kwenye meno ya mbele ya juu.

Neva ya 6 imelegea ila huoni sababu. Angalia sehemu ya nyuma ndani ya jicho, shinikizo la ndani ya kichwa linaweza kuilegeza hata kama uvimbe uko mbali nayo.

USISUBIRI KESHO

Neva ya 3 imelegea na mboni imetanuka, hasa kichwa kikiuma ghafla: inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba unaikandamiza, mpe rufaa saa hiyohiyo. Kwa mwenye kisukari neva hii ikilegea mboni mara nyingi huachwa salama, ila usijitulize kwa hilo, mfuatilie. Uziwi wa ghafla wa sikio moja usio na nta wala usaha, nao ni wa leo, dawa ikichelewa nafasi ya kurudi inapungua. Kuona kupotea ghafla, leo. Na yule ambaye jicho halifumbi, kabla hajaondoka mezani kwako mpe matone ya kulainisha mchana, mafuta ya macho usiku na umfundishe kulibandika kope kwa plasta ya karatasi akilala, konea inakauka haraka na kovu halifutiki.

Kwenye faili andika ulichokiona, kwa mfano hivi: "Uono kulia 6/6, kushoto 6/9. Mboni milimita 3 zote, zinabana. Mwendo wa macho kamili pande zote, haoni viwili. Konea zote zinahisi, macho yanafumba kwa nguvu. Rinne kulia chanya, kushoto hasi, Weber kushoto, nta imeziba sikio la kushoto." Safisha nta, rudia Rinne, andika tena.